Ugali Unasingiziwa Usingizi

Saa nane mchana ofisini kwetu huingia ukimya wa aina yake. Mmoja ameshika kidevu akijidai anasoma, mwingine anatikisa kichwa kuafiki hoja ambayo hakuna aliyeitoa. Ukiuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Si ule ugali wa mama lishe!" Kisha hakosekani mjuzi wa kueleza kwamba damu yote imeshuka tumboni kusaga chakula, ubongo umeachwa mkavu.

Maelezo hayo nimeyasikia tangu shuleni, na yanavutia kwa kuwa nusu yake ni kweli. Mtu akishakula, damu inayokwenda tumboni na kwenye utumbo huongezeka. Ila haiibwi kichwani. Moyo huongeza bidii ya kusukuma, na mishipa ya ubongo ina namna yake ya kulinda mgawo wake. Mtazame mchezaji mpira: misuli ya miguu yake huvuta damu kuliko tumbo lolote lililojaa wali, na bado hatujaona beki akisinzia langoni (timu yangu niiache kwanza). Wenye haki ya kuihofia habari ya damu ni wazee, maana baadhi yao presha hushuka baada ya mlo mzito, wakisimama ghafla wakapepesuka.

Usingizi wenyewe unatoka wapi, basi? Ubongo una saa yake, na saa hiyo hutulegeza mara mbili: sana usiku wa manane, na kidogo kuanzia kama saa saba hadi saa kumi mchana. Watafiti wamewaweka watu mahali wasipoweza kujua ni saa ngapi, bila mlo wa mchana, na bado wakati huo ulipofika wakalegea. Tena hatuhitaji maabara. Mwezi wa Ramadhani mfungaji hajatia kitu kinywani tangu daku, na saa nane utamkuta kajinyoosha barazani. Utaniambia ni kwa sababu aliamka usiku kula daku. Sawa kabisa, na hapo ndipo nilipotaka tufike: anayekodolea simu hadi saa sita usiku, akaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, ana deni la usingizi, na mdai huja mchana, ugali ukasingiziwa.

Sahani nayo haina usafi wa malaika. Mlo mkubwa huongeza uzito wa saa ile. Katika panya wa maabara imeonekana kuwa sukari ikipanda, chembe fulani za ubongo zinazotuweka macho hupoa, ilhali viini vya protini huziamsha. Kwa hiyo mlima wa sembe wenye mchuzi wa kulowanisha tu si sawa na ugali wa wastani kwa maharage, dagaa na mboga za majani.

Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Sisi tumeshika nusu ya kwanza tu. Anayeanza siku kwa chai ya rangi peke yake hufika kwa mama lishe na njaa ya milo miwili, akaila yote kwa mkupuo. Kosa limetendeka asubuhi.

Dawa zetu nazo! Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, vijiko vya chai visivyopungua vinane, juu ya wanga ulioliwa muda si mrefu. Kahawa ya saa kumi jioni, takriban nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Inalipa deni la leo kwa kukopa la kesho. Mimi siku hizi narudi ofisini kwa njia ndefu, dakika 15 kwa miguu, na sukari ya damu haipandi kama ambavyo ingepanda ningekwenda kukaa moja kwa moja. Lakini uchovu unaokuja na kiu isiyokatika na haja ndogo kila mara, huo kaupimie sukari.

Wenye maduka wa Mji Mkongwe wanaofunga mchana wakapumzike tuliwaita wavivu, na kumbe usingizi wa dakika 20 ndio unaomchangamsha mtu bila kumharibia usiku. Ofisini kwetu dakika hizo zinalalwa tayari, ila kwa macho wazi, mbele ya kompyuta.