Likizo hii, mfuko wa kumbukumbu uwe mdogo

Mnisamehe kwa ukimya. Testi tatu ndani ya wiki moja si mchezo, na aliyewahi kuachiwa asaimenti ya kundi na wenzake walioingia mitini atanielewa. Sasa zimeisha. Kesho kutwa alfajiri napanda basi la Moshi, maana si mnajua, Desemba ikifika Mchaga anayebaki Dar ni yule aliyekosa nauli. Hapa bwenini ni vurugu tupu, begi liko wazi kitandani, na rumeti wangu ananicheka.

Anachocheka ni kimfuko cha kitenge nilichoshonewa na fundi kwa vipande vilivyobaki. Ndani mna daftari, kalamu, penseli za rangi na gundi. "We mtu mzima unapeleka vifaa vya chekechea nyumbani? Simu si ipo?" Nikamwambia nitamjibu hapa hapa, mbele yenu.

Haya, simu. Mwaka juzi nilienda likizo na simu tu. Picha nilipiga mpaka watu wakanichoka: Babu kihambani, Babu na kata ya mbege, Babu akimkaripia mbuzi. Wakati wa kurudi, tumeingia stendi ya Mbezi, niko dirishani naongea, mtu akaikwapua simu mkononi akatokomea. Sikuwa nimehifadhi kitu mahali pengine. Bando lilikuwa limekata, nikasema nitafanya nikifika chuo.

Februari Babu akafariki. Picha tuliyoiweka mbele ya jeneza ilitolewa kwenye kitambulisho, ikakuzwa mpaka sura ikawa kama iko kwenye ukungu. Lakini kilichoniuma zaidi si picha. Nilikaa pale msibani nikijiuliza, katika siku zile kumi na mbili Babu aliniambia nini? Sikukumbuka hata sentensi moja nzima. Nilikuwa bize kupiga picha.

Sisemi simu ni mbaya, jamani. Kwa kurekodi sauti hakuna kinachoishinda, na mimi mwenyewe nitairekodi sauti ya Bibi mwaka huu. Ila ukiitoa, watu wanakaa mkao wa picha, halafu meseji inaingia na wewe umeshaondoka kimawazo. Daftari halina meseji. Na lina jambo moja nililoligundua kwa bahati: ukilifungua sebuleni, watu wanasogea kuangalia unaandika nini.

Wala msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alisafiri Urusi mpaka Siberia, na simulizi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado tunaweza kusafiri naye.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiangalia zile video za mtandaoni, utadhani bila tepu za maua, mihuri ya vipepeo na kalamu za rangi arobaini huwezi kuandika hata tarehe. Mimi nilijaribu, nikamaliza hela ya boom kwenye makorokoro. Matokeo yake nilikaa saa nzima napamba neno "Desemba" huku wenzangu wako nje wanachoma ndizi. Ukiwa na vitu vingi unageuka fundi wa mapambo, husikilizi tena. Kwa hiyo mwaka huu nimebeba hivi tu:

Daftari moja la jalada gumu, saizi ya A5, yaani nusu ya karatasi ya kawaida ya A4. Jalada gumu ni muhimu kwa sababu utaandikia gotini, kwenye basi na jikoni. Kama lina mistari si neno, chora juu yake.

Kalamu mbili za kawaida za wino wa mafuta, zile za kufanyia mitihani. Za jeli zinapendeza, ila tone moja la maji linaharibu ukurasa mzima. Na mbona mbili? Ya pili si ya kwangu, nitaeleza.

Penseli moja laini na penseli sita za rangi pamoja na kichongeo. Kalamu za rangi za majimaji zinavuja upande wa pili wa karatasi. Rangi za kupaka kwa brashi nimeziacha pia, zinataka kikombe cha maji na muda wa kukauka. Nani atakupa hivyo vyote kati ya Chalinze na Korogwe?

Gundi ya kijiti, ile ya kuzungusha. Ya maji itamwagikia nguo zako. Ikiisha, koroga unga wa ngano na maji, upashe motoni mpaka uwe mzito, mambo yanaenda.

Mkasi mdogo wa shule wenye ncha butu, bahasha mbili, na mpira wa kufungia hela ili daftari lisifunguke begini. Bahasha ya kwanza ni ya tiketi, risiti na makaratasi mengine. Ya pili ni ya majani, lakini majani mabichi usiyabandike siku hiyo hiyo, yataota ukungu. Yalaze kati ya magazeti chini ya kitu kizito kama wiki moja, ukibadilisha magazeti yakilowa.

Basi. Vyote havifiki kilo moja.

Sasa ile kalamu ya pili. Mwaka jana, jioni moja jikoni kwa Bibi, nilikuwa nachora migomba. Binamu yangu mdogo akaniganda, nikampa kalamu, akachora kuku mwenye miguu minne. Bibi akachungulia. Kuku hakumsumbua, ila migomba yangu ilimkera. "Mjukuu wangu, mbona hujaweka masale?"

Kwa wasiojua, masale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimpelekea mtu jani lake, umemwomba msamaha. Bibi akachukua fimbo, tukatoka naye kabla giza halijaingia. Akanionyesha sale moja baada ya jingine, nami nachora ramani. Hapa ulipita mfongo, mfereji wa maji wa zamani. Hapa Babu alipanda kahawa mwaka aliozaliwa baba yako. Tukafika kona moja yenye masale manne yaliyoota karibu karibu, akasimama.

"Hapa amelala dada wa baba yako."

Nina miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kusikia kwamba baba alikuwa na dada. Alifariki akiwa na miaka minne, kwa surua. Bibi akanitajia jina lake na mimi nikaandika pale pale, mkono unatetemeka.

Usiku baba akaliona daftari mezani. Baba yangu si mtu wa maneno, tukiongea kwa simu ni "shikamoo, marahaba, ada umelipa?" Akafungua ile ramani, akaitazama muda mrefu. Halafu akaniomba kalamu. Chini ya jina la dada yake akaandika sentensi mbili, akafunga daftari, akaenda kulala. Sitaziandika hapa, ni zake. Ila nawaambia simu isingezipata hata ingekuwa na kamera tano.

Ndiyo maana nasema mfuko uwe mdogo na kalamu ziwe mbili. Ukijaza kurasa zote kwa mapambo yako, wengine watakosa pa kuandika. Acha kurasa tupu. Na ukipewa siri, uliza kwanza kama iandikwe, mambo mengine ni ya kubaki jikoni.

Mwezi wa tisa Bibi alianza kusahau. Nilipompigia wiki iliyopita aliniita kwa jina la shangazi, mara mbili, na mimi nikaitikia tu. Kuna masale ya upande wa chini ambayo hatukuyafikia mwaka jana kwa sababu giza lilituwahi. Safari hii nitamwomba tutoke mapema.

Rumeti, jibu lako ndilo hilo. Nawe unayekwenda Mbeya, Tanga, Bukoba au hapo Mbagala tu, nunua daftari. Jioni moja mtafute mtu mzima wa kwenu, umwulize: hapa zamani palikuwa na nini? Halafu unyamaze, uandike.

Nawasilisha. Safari njema wadau, na simu zenu zikae mbali na dirisha.