Msamaha wa Deni Lisilodaiwa

Wako watu wanenao kwamba maskini hafanyi kazi ila kwa kusukumwa. Mzigo ukimlemea, husema, ataamka, ukipunguzwa, atalala. Neno hili lina umri mkubwa katika nchi hii, na Morogoro ni mahali pema pa kulipima, kwa kuwa huko lilijaribiwa kwa vitendo, juu katika milima ya Uluguru na chini katika mashamba ya mkonge.

Serikali ya Wadachi ilitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka wa 1897, ikaanza kuitoza mwaka wa 1898. Fedha ilitakiwa, lakini haikuwa shabaha pekee. Kodi ilihesabiwa kuwa chuo cha kazi: mtu adaiwe rupia ili alazimike kwenda kuitafuta kwa mwenye shamba. Waingereza nao walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka wa 1922, na shabaha ile haikufa.

Fimbo hiyo ilizaa nini? Mluguru alipima. Aliyekuwa na ndizi au mboga za kuuza alilipa kodi kwa ndizi na mboga, akabaki katika ardhi ya ukoo wake. Mkonge ukategemea sana manamba walioletwa kutoka mbali. Watu walipolazimishwa kuchimba matuta milimani, Matombo ilichafuka mwaka wa 1955, na mpango ukavunjika. Aliyedhaniwa mvivu alikuwa mjuzi wa hesabu: alijua jasho lake lingemletea nini, na lingemnyima nini.

Kodi ya maendeleo, mrithi wa kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka wa 2003. Fimbo imewekwa chini. Lakini badala yake umezuka ukarimu wa ajabu, nao ni kumsamehe mtu deni asilodaiwa. Mwezi Julai 2020 mshahara usiotozwa kodi ulipandishwa kutoka Sh. 170,000 hadi Sh. 270,000 kwa mwezi. Aliyepata Sh. 270,000 alikuwa akikatwa asilimia 9 ya zile 100,000 za juu, yaani Sh. 9,000, akaachiwa zote. Hilo ni jambo jema, wala halilaumiwi. Lakini kima cha chini cha mshahara wa shamba wakati huo kilikuwa Sh. 100,000, na amri iliyoanza Januari 2023 ilikifanya Sh. 140,000. Mwenye ujira huo hakuwa na kodi ya mshahara kabla ya msamaha, wala hakuwa nayo baadaye. Alipata sifuri. Hata hivyo anunuapo sabuni au bati hutoa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, sawasawa na tajiri. Basi asemaye kwamba nafuu ya kodi imemvuta mnyonge huyu kazini, na aseme imemvuta kwa kamba gani. Mkono mtupu haulambwi.

Iko njia nyingine: mtoza kodi ageuke mlipaji. Mtu wa ujira mdogo athibitishe kuwa amefanya kazi, naye aongezewe fedha juu ya ujira wake, hata kama hakudaiwa kodi yoyote. Marekani iliweka marejesho ya namna hii mwaka wa 1975, ikayakuza sana kwa sheria ya mwaka wa 1993. Katika miaka ile akina mama wanaolea watoto peke yao waliingia kazini kwa wingi. Wachumi wengi huyahesabu marejesho kuwa sababu mojawapo. Wengine huipa sifa zaidi neema ya uchumi na mageuzi ya misaada. Lakini ni dhahiri kwamba malipo yale hayakumpa kitu asiyefanya kazi. Basi hoja ya kwamba apewaye hulala haigusi hapa, kwa maana anayelala hapewi.

Zipo hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba mwajiri mchoyo atapunguza ujira akijua serikali itajaza pengo. Ni kweli, ndiyo maana marejesho hayafai bila kima cha chini kinachosimamiwa kwa ukali. Ya pili ni kwamba kibarua wa Mgeta au Kinole hana hati ya mshahara. Ni kweli pia. Lakini mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka wa 2012, uliandikisha kaya vijijini, ukazilipa fedha, na ukawapa wenye nguvu kazi za muda kwa ujira. Nchi iliyoweza kumhesabu maskini ili imtoze kodi ya kichwa haiwezi kudai kwamba haioni jinsi ya kumhesabu ili imlipe.

Mtu ashukaye Uluguru alfajiri kwenda kibarua huacha shamba lake nyuma, hulipa nauli, hula chakula cha kununua. Kinachobaki jioni ndicho kinachoamua kama kesho atashuka tena. Wanaotaka ashuke waongeze kinachobaki. Na wasiotaka kuongeza wasimwite mvivu akibaki mlimani.