Printa ya Nyumbani: Tuulize Kwanza Bei ya Wino

Mjadala wa printa umewaka katika kundi letu: tukichanga pesa, tununue ipi? Wengi wanataka ile ndogo ya rangi, ya kartiriji, kwa sababu bei yake dukani ni ya chini. Mimi nasema tusiinunue, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, tukumbuke tunaitafutia nini. Hapa Kampala maisha ya mkimbizi ni makaratasi: fotokopi ya kitambulisho, karatasi ya familia, fomu ya shule, CV. Kila siku tunakimbilia kafe. Unatuma faili kwa WhatsApp ya mtu usiyemjua, anakutolea karatasi, unalipa, unaondoka. Faili inabaki kwake. Ndani kuna jina lako, picha yako, majina ya watoto, pengine hata maelezo ya kilichokukimbiza nyumbani. Kwa mtu anayeogopa kutafutwa, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo printa kwetu si starehe, ni usalama.

Lakini printa isiyo na wino haimlindi mtu. Chukua kartiriji nyeusi ya HP namba 123: kampuni yenyewe inasema inatoa kurasa kama 120 tu. Tuseme umeinunua shilingi 60,000. Gawanya: kila ukurasa ni shilingi 500, na karatasi bado hujahesabu. Sasa chukua printa ya tangi, ile unayomimina wino wa chupa, kama Epson EcoTank. Chupa nyeusi namba 103, ya mililita 65, inahesabiwa kurasa kama 4,500. Hata ukiinunua kwa hizo hizo 60,000, ukurasa haufiki shilingi 14. Bei za kweli ulizeni wenyewe dukani, ila njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Najua mtasema ya tangi ni ghali kununua. Kweli, bei yake ni mara kadhaa ya ile ndogo. Lakini ile ndogo itatudai pesa kila baada ya kurasa 120, na siku mfuko ukiwa mtupu tunarudi kafe na faili zetu.

Tangi nayo ina masharti yake. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, wino unakauka kwenye vitundu vidogo vya kutolea, kwa hiyo tuchapishe ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Usiizime kwa kuchomoa waya. Bonyeza kitufe, ili ifunike kichwa chake vizuri. Wino wake mwingi ni wa maji, mvua ikigusa karatasi maandishi yanatiririka, basi weka kwenye plastiki. Jambo zuri, haili umeme kama printa ya leza ambayo lazima ipashe moto, kwa hiyo Yaka haitalia sana. Na kazi kubwa, kama mabango mia mbili, hizo tupeleke Nasser Road kwa wenye mashine zao.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: tunashukuru kwa misaada. Lakini kundi moja ninalolifahamu lilipewa printa, picha zikapigwa, kartiriji za kwanza zikaisha, na bajeti ya wino haikuwepo. Leo ni meza ya kuwekea vikombe. Mkitoa printa, andikeni na wino wa mwaka mzima, tena ulizeni kwanza kama wino huo unapatikana madukani hapa Kampala.

Pendekezo langu kwa kikao kijacho: tuchange miezi miwili zaidi, tununue ya tangi, ikae kwa mtu tunayemwamini, kila ukurasa ulipiwe kidogo kwa ajili ya chupa inayofuata, na faili ya mtu ifutwe mbele ya macho yake mwenyewe. Anayepinga aje na hesabu yake.