Mfupa Haukandwi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani, leo nasema juu ya kukanda. Jiwe limemwangukia mtu shimoni, au chukudu imembwaga kwenye mteremko wa Butembo. Jioni ile ile jirani anafika na maji ya moto na mafuta. Mimi silikubali jambo hilo.

Mfupa uliovunjika hujiunga wenyewe. Kwanza damu huganda pale palipovunjika. Baada ya majuma 2 au 3 huota kiungo laini, kisha kinageuka mfupa. Mkono wa mtu mzima wataka majuma 6 hivi, mguu 12 au zaidi. Anayeusugua anabomoa ukuta ambao udongo wake haujakauka. Hata kifundo kilichoteguka, siku 2 za kwanza kipewe maji baridi, si moto.

Fundi wa mifupa wa kijijini ana mikono mizuri, sibishi, lakini macho yake hayaoni ndani ya nyama. Picha ipigwe kwanza. Tena vijiti vyake mara nyingine hukazwa mno. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, maumivu yakizidi, legezeni kamba saa ile ile, mumpeleke hospitali, iwe Katwa au Beni. Msingoje kesho: kwa saa chache nyama hufa, na mguu hukatwa.

Nyumbani apate maharagi, sombe na ndakala; sigara aache, inachelewesha mfupa. Kapita naye ampe kazi ya kukaa, kama kuhesabu mifuko, mpaka barua ya munganga imruhusu kubeba.