UCHOVU WA SHAMBA SI MAZOEZI



Mwezi Julai mwaka 2018 serikali yetu hapa Uganda ilianzisha Siku ya Taifa ya Mazoezi ya Mwili. Tangu hapo tunahimizwa tutembee, tukimbie na tunyooshe viungo. Habari hizo zikifika mashambani, wengi wetu hucheka. Mchumaji wa chai aliyeshinda mlimani na kapu mgongoni husema, "Mazoezi ni ya watu wa ofisini. Mimi nimeanza yangu tangu alfajiri." Mkata miwa naye husema hivyo hivyo. Mwajiri akisikia hufurahi, maana jambo limekwisha bila yeye kutoa hata senti moja.

Mimi nasema tusicheke haraka. Uchovu ni kitu kimoja, na afya ya mwili ni kitu kingine.

Itazameni kazi yenyewe. Mchumaji hutumia vidole, mabega na kiuno kutwa nzima, kwa namna ile ile. Mkata miwa huinama na kupiga panga kwa mkono ule ule. Anayesimama kwenye mashine kiwandani haondoki hapo mpaka zamu iishe. Mlinzi, karani na dereva wa trekta hukaa tu. Katika hao wote hakuna anayechagua mwendo wake. Mwendo unapangwa na kilo, na mnyapara, au na mashine.

Mwaka 2021 wataalamu wa Denmark walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 100,000. Waliojishughulisha na michezo na matembezi wakati wa mapumziko walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache. Lakini waliofanya kazi nzito sana hawakupata faida hiyo, bali hatari yao ilizidi. Denmark si kwetu, lakini sababu wanazozitaja wataalamu tunazijua: saa nyingi, mizigo mizito, moyo kwenda mbio kutwa bila kupumzishwa.

Wengine watauliza, mbona wanariadha wetu wametoka vijijini? Ni kweli. Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, wote ni watoto wa Kapchorwa, kwenye Mlima Elgon. Lakini mkimbiaji hukimbia kwa mpango, kisha hula vizuri na kulala. Mchumaji akishapima majani yake anakwenda kutafuta kuni na maji. Mmoja anaujenga mwili, mwingine anautumia mpaka unakwisha.

Basi dawa si moja kwa wote. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 za kujishughulisha kila wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Mlinzi na karani wazitafute dakika hizo: watembee, wacheze, walime bustani. Tena siku hizi hata kijijini mtu hupanda pikipiki kwa safari ambayo baba yake aliitembea, na presha na kisukari si magonjwa ya mjini tu. Ama mchumaji na mkata miwa, wao wanahitaji kwanza mapumziko, kunyoosha mgongo kabla na baada ya kazi, na mchezo wa kuuchangamsha mwili kwa namna nyingine.

Lakini wacheze wapi, na saa ngapi? Hapo ndipo shauri hili linapokuwa la chama. Katika shamba moja ninalolijua, uwanja uliokuwa karibu na kambi ulilimwa, ukapandwa michai. Watoto sasa wanacheza barabarani, magari ya majani yakipita. Na kampuni ile ile ina timu ya mpira yenye jezi nzuri! Watu kumi na mmoja wanacheza, mamia wanapiga makofi. Timu si mbaya, lakini timu ya kampuni si uwanja wa wafanyakazi.

Na mama zetu? Mwanamke anatoka shambani, anapika, anateka maji, anaogesha watoto. Kumwambia mtu huyo aje kucheza netiboli jioni ni kumdhihaki, kama bomba la maji liko mbali na kambi. Sogeza bomba, gawaneni kazi za nyumbani, ndipo atapata nafasi. Akina baba, hilo la pili halihitaji mkataba na mwajiri.

Madai haya si mapya. Mwaka 1924 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo juu ya wakati wa mapumziko wa wafanyakazi, na michezo ilitajwa humo. Mwaka 1956 likatoa jingine juu ya chakula, mapumziko na burudani kwa wafanyakazi, lakini watu wa kilimo wakaachwa nje. Wa kiwandani yumo, mchumaji anayemletea majani hayumo! Pengo hilo hatuna budi kuliziba wenyewe kwa mkataba wa pamoja.

Kwa hiyo kila tawi lipeleke mambo manne kwenye mazungumzo yajayo: uwanja ulio wazi kwa kambi yote, usiolimwa, dakika chache za kunyoosha viungo ndani ya saa za kazi, si nje yake, siku ya mapumziko isiyoguswa, na maji karibu na nyumba. Wakati tukisubiri majibu, tusikae bure. Wajumbe waanzishe matembezi, kuvuta kamba na ngoma siku ya mapumziko, vijana na wazee, wake kwa waume.

Nguvu za mfanyakazi ndizo mali yake ya pekee. Tukimwachia mwajiri azitumie zote, uzeeni tutabaki na fimbo.

Umoja ni nguvu.