Acheni Kuuliza "Nani Aliua?"

Wasee, kila nikitaja The Night Of, swali ni lile lile: "Kwani nani aliua?" Manze, vipindi 8 vizima na hicho tu ndicho umebeba?

Kama hujaiona, pole, nakumalizia uhondo. Ni ya HBO, 2016. Naz ni kijana wa chuo kutoka Queens, New York, mtoto wa wahamiaji wa Pakistan. Anachukua teksi ya babake bila ruhusa, anakutana na dem, usiku anaamka na kumpata amedungwa visu. Kabla jua lichomoze, yeye ndiye mshukiwa.

Stori yenyewe ni vile mfumo unamtafuna kabla ya hukumu. Anatupwa Rikers angoje kesi. Ili asiuawe humo ndani, anajificha chini ya mfungwa mkubwa, ananyoa kichwa, anachora tatuu, anaingilia madawa. Teksi inashikiliwa kama ushahidi, kwa hivyo mzee hana kazi. Mwishowe jopo linagawanyika 6 kwa 6, mwendesha mashtaka anaachana na kesi, Naz anaenda nyumbani. Eti yuko huru. Yule kijana aliyeingia hakutoka.

"Ah, hiyo ni TV tu." Sawa. Basi chukua Kalief Browder, mtu wa ukweli. Bronx, 2010, ana miaka 16, anashtakiwa kuiba begi. Dhamana ni dola 3,000 na kwao hawana. Akakaa Rikers miaka 3, karibu 2 kati ya hiyo akiwa amefungiwa peke yake. 2013 mashtaka yakatupwa. 2015 akajitoa uhai, miaka 22. Begi, wasee!

Na zile hotuba za mawakili zinazotupatia vipepeo tumboni? Mwaka wa 2012, Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilisema asilimia 97 ya hatia katika mahakama za shirikisho, na 94 katika za majimbo, zinatokana na mtu kukiri. Hakuna jopo, hakuna hotuba. Ukishasota ndani miezi, unaambiwa "kubali upunguziwe," na hata asiye na kosa anaanza kupiga hesabu.

Usicheke Marekani sana. Hapa Kenya hatuna jopo, lakini Katiba, Kifungu cha 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na upewe dhamana kwa masharti yanayofaa. Yanayofaa nani? Weka 50,000 kwa mtoto wa mdosi na kwa msee wa mjengo. Mmoja analala kwao, mwingine analala rumande. Kifungu cha 50 kinasema wote wawili bado hawana hatia. Tofauti yao ni mfuko tu.

Halafu kuna sisi. Karao akishika msee asubuhi, saa sita picha yake iko kila mahali na tunaandika "afungwe huyo." Hatujasikia ushahidi hata mmoja. Kesi ikitupwa, nani hurudi kufuta ile posti?

Mimi niliacha chuo, lakini kusoma Katiba hakuhitaji karo. Ukisikia mtu ameshikwa, kabla uulize kama alifanya, uliza: analala wapi akingoja tujue?