Kompyuta yampa bibi miaka 42!

Ukisema unafanya kazi kampuni ya programu za hospitali, watu wanajenga picha ya ofisi yenye kiyoyozi na binti wa mapokezi. Mimi mwaka 2022 ofisi yangu ilikuwa Noah. Nimebanwa siti ya nyuma kutoka stendi ya Same, Kisiwani mpaka Maore, laptop mapajani kama mtoto mgonjwa, ndipo tukaanza kupanda milima upande wa Mamba Myamba, kule kwenye tangawizi.

Kazi yenyewe? Kuhamishia wagonjwa kwenye kompyuta. Kituo kilikuwa cha misheni, chenye mkataba na halmashauri. Vitabu vya MTUHA, yale madude makubwa yaliyoanza miaka ya 90, vimejaa mezani, na nesi aliyenisaidia hakuficha: "Mdogo wangu, umekuja kunipunguzia kazi au kuniongezea? Maana vitabu bado najaza." Kweli, alikuwa anaandika kila mgonjwa mara mbili.

Basi bwana, akaja bibi mmoja na fimbo yake. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu. Umezaliwa lini? Akacheka, akanitajia mwaka wa njaa. Programu haijui njaa, inataka tarehe, na foleni imefika nje. Nikabofya, yenyewe ikajijazia 1 Januari 1980, nikapita. Nitarekebisha jioni. Jioni umeme ukakatika.

Wiki ya pili bibi karudi, presha imempanda. Sera ya Afya ya 2007 ilisema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, lakini dirishani kompyuta inasema ana 42, alipe. Keshia anaziona mvi zote zile, ila hana kitufe cha kumsamehe. Wala mimi sina! Ruhusa ya kubadili iko Dar. Nikapanda jiwe nyuma ya maabara, ndiko mtandao unakopatikana, nikampigia bosi. "Andika tatizo, vijana watalishughulikia Jumatatu." Siku hiyo ni Alhamisi.

Nikachomoa hela ya nauli, nikalipa. Bibi akafungua pindo la kanga, akanipa vipande viwili vya tangawizi na baraka juu. Hakujua aliyemtia kwenye deni ni mimi, nami sikumwambia.

Jumatatu meseji ikaingia: limetatuliwa. Nikafungua. Bibi kazaliwa 1900, ana miaka 122.

Nikaacha hivyo hivyo.